Elimu ya Kujitegemea: jembe halikuwa kiini chake

Mtu aliyesoma shule ya msingi Tanzania miaka ya 1970 ukimuuliza Elimu ya Kujitegemea ni nini, mara nyingi atataja jembe, shamba la shule na zamu ya kumwagilia. Hajakosea, ila ameshika mkia. Elimu ya Kujitegemea ni wazo kuhusu kazi ya shule yenyewe: kwamba shule ipimwe kwa maisha ya mtoto anayemaliza na kubaki kijijini, si kwa yule mmoja anayechaguliwa kuendelea. Jembe ni chombo tu cha wazo hilo.

Aliyelitoa alikuwa ameshika chaki kabla ya kushika nchi. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12. Akapita Tabora, kisha Makerere alikosomea ualimu, akarudi Tabora kufundisha shule ya St. Mary's. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, ambako pamoja na historia na uchumi alisoma falsafa ya maadili, yaani hoja za nini ni haki na binadamu wanadaiana nini. Aliporejea alifundisha Pugu hadi Machi 1955, alipotakiwa achague kati ya ualimu na TANU, chama kilichodai uhuru. Akaacha kazi, lakini jina la Mwalimu halikumwacha, hata alipokuwa Rais.

Azimio la Arusha, tamko la TANU la siasa ya ujamaa na kujitegemea, lilitangazwa Februari 1967. Mwezi uliofuata, Machi, Nyerere akatoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Hizi mbili zisomwe pamoja. Azimio linasema maendeleo yanahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, na kwamba fedha ni matokeo ya jasho, si chanzo cha maendeleo. Sasa, nchi ya namna hiyo inataka shule ya namna gani? Andiko ndilo jibu.

Hoja yake inaanza na hesabu. Wakati ule, kati ya watoto waliomaliza elimu ya msingi, asilimia 13 hivi tu ndio waliopata nafasi ya sekondari. Mafunzo yote, mtihani wote, hata ndoto za wazazi, vililenga hao 13. Wale 87 waliondoka wakijiona wameshindwa, ingawa hawakuwa na kosa lolote, nafasi hazikuwepo. Kwa maoni yetu hapa ndipo uzito wa andiko zima ulipo, na asiyeielewa hesabu hii atadhani Mwalimu alikuwa anawapigia debe wakulima.

Kutoka hapo anazitaja kasoro za shule iliyorithiwa kwa mkoloni. Inajenga tabaka la wachache. Inamng'oa mtoto katika jamii yake. Inamfanya aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni, na kwamba mzee asiyejua kusoma hana la kumfundisha. Tena inawatoa vijana wenye nguvu kwenye uzalishaji na kuwaacha wakilishwa na wazazi masikini. Kiburi cha wasomi hakikuwa jambo la kubuni: Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, Nyerere akawarudisha makwao karibu 400, na papo hapo akajipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Badala yake alitaka shule imjengee mtoto mambo matatu: akili yenye kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kukataa au kurekebisha kisichomfaa, na kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake. Neno "kujitegemea" linabebwa na hayo. Anayejitegemea ni anayefikiri na kuamua mwenyewe, na kilimo kilichaguliwa kwa sababu ndicho kilichokuwa mbele ya macho ya karibu kila mtoto.

Tuangalie shamba la shule lilivyotakiwa kufanya kazi. Chukua robo ekari ya mahindi, takriban mita za mraba 1,012. Mistari ikiachana sentimita 75 na mashimo sentimita 30, wanafunzi wanakokotoa wenyewe: yanahitajika mashimo kama 4,500. Hiyo ni hesabu ya darasani. Nusu ya shamba inawekwa samadi, nusu inaachwa. Urefu wa mimea unapimwa kila wiki na kuandikwa daftarini. Hiyo ni sayansi. Mavuno yanapimwa kwa debe, gharama ya mbegu inatolewa, na kikao cha wanafunzi na walimu kinaamua kinachobaki kitumikeje. Hiyo ni siasa, kwa maana yake njema. Wakizembea palizi, mavuno yanapungua na wao ndio wanaolipa. Ondoa daftari na kikao, kinachobaki ni kibarua.

Na ndicho kilichotokea katika shule nyingi. Kulima kukawa adhabu ya wachelewaji, kwa hiyo mtoto akajifunza kwamba shamba ni mahali pa kutumwa aliyekosa. Mapato yakaishia kwa wakubwa bila wanafunzi kusomewa hesabu. Mwalimu aliyefundishwa kwa vitabu peke yake hakujua namna ya kuunganisha tuta na somo, akasimama pembeni na fimbo. Juu ya yote, mtihani wa darasa la saba uliendelea kuchagua wachache, na mzazi mwenye akili timamu hawezi kudharau mlango pekee wa mshahara. Hilo la mwisho ndilo lililouma zaidi, kwa kuwa andiko lenyewe lilitaka mtihani upunguziwe uzito.

Chama kililiona tatizo. Azimio la Musoma la 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, ikaanza kutekelezwa 1977, na likaagiza kijana amalize sekondari, afanye kazi kwanza, ndipo aombe chuo kikuu akiwa na mapendekezo ya kazini. Alama za kazi na mwenendo zikaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani. Lakini shule zilijaa haraka kuliko walimu walivyopatikana, vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu hukohuko vijijini, na watu wakawaita "walimu wa UPE", kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote. Kwa darasa lililofurika namna ile, majaribio ya samadi yakawa ya kwanza kuachwa. Jembe likabaki.