Hipnosisi haifukui mwizi

Wiki hii huyu ni wa tatu. Ameweka mkoba mapajani, ananiambia: "Daktari, nilaze kwa hipnosisi nikumbuke nani alichukua hela zangu za kikoba."

Jamani. Kichwa si kamera ya dukani, kwamba tutairudisha nyuma hadi saa nne asubuhi. Kila tunapokumbuka tunaunga vipande upya, na penye pengo akili hujijazia yenyewe. Mtu aliyezama kwenye hipnosisi, yaani hali ya akili kutulia na kukaza kwenye jambo moja, hupokea maneno kwa wepesi zaidi, nikikuuliza "alivaa shati gani?" nimeshakupa mtu na shati. Utamwona, hata vifungo utavihesabu. Kibaya zaidi, utaondoka na uhakika ambao jana hukuwa nao. Mwaka 1985 Chama cha Madaktari cha Marekani kilitoa taarifa kwamba kumbukumbu za namna hii huchanganyika na za kubuni, na kwa jumla huaminika kidogo kuliko zile za kawaida. Majimbo mengi ya huko yakaukataa au kuubana ushahidi huo mahakamani. Sasa jina litakaloibuka likiwa la wifi yako? Mwizi hatujampata, ila ukoo tumeugombanisha. Sifanyi, hata ulipe mara mbili. Chukua daftari, andika siku ile ulivyoipitisha tangu kuamka, kabla hujasimuliana na majirani.

Wengine huja na hofu zao: "Nitalala, nisiamke." Hipnosisi si usingizi. James Braid, daktari wa upasuaji wa Manchester, ndiye aliyelieneza jina lake la Kiingereza, "hypnotism", miaka ya 1840 kutokana na neno la Kigiriki la usingizi, kisha mwenyewe akalijutia. Nikitoka nje nikakusahau, utafumbua macho tu, au utasinzia na kuamka kama mtu yeyote.

"Mimi sijawahi kuzama." Umewahi. Konda kaita "Uhasibu!" mara mbili, macho yako wazi, na umepitiliza kituo.

"Basi haina madhara." Nayo si kweli. Wapo wanaopata kizunguzungu, kichwa kuuma, au wasiwasi kupanda. Mwenye ugonjwa wa akili unaomtenga na uhalisia simgusi bila daktari wake kujua. Ndiyo maana swali langu la kwanza ni kama unasikia sauti ambazo wenzako hawazisikii. Huyu wa kikoba alicheka: "Ya mama mkwe tu, na hiyo mtaa mzima unaisikia."