Vipandikizi vya meno: yanayosemwa na ukweli wake

Uvumi mwingi kuhusu vipandikizi hutokana na kosa moja: kuuona mfupa wa taya kama ukuta wa kutobolewa. Mfupa ni hai, na ndio unaoamua jino litadumu au la.

"Unaingia bila jino, unatoka nalo."

Kipandikizi kina sehemu tatu: skrubu ya titaniamu inayozama mfupani, kiunganishi kinachotokeza kwenye fizi, na taji, yaani jino lenyewe linaloonekana. Skrubu nyingi zina upana wa milimita 3.5 hadi 5. Ikishawekwa, mfupa huota na kushikamana nayo, jambo ambalo Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alilitumia kumtibu mgonjwa wa kwanza mwaka 1965. Kwa kawaida kushikamana huko huchukua miezi 3 hadi 6, na taya la juu huchelewa zaidi kwa kuwa mfupa wake ni laini.

Hatari iko katikati. Wiki chache za mwanzo skrubu hulegea kidogo kuliko siku ilipowekwa, kwa sababu mfupa wa zamani unaondolewa kabla mpya haujakomaa. Wakati huohuo maumivu yameisha, na mtu huanza kutafunia upande ule. Skrubu ikitikisika mara kwa mara, huzungukwa na nyama laini badala ya mfupa, na haitashika tena.

Taji la muda la siku ileile linawezekana, lakini kwa masharti: skrubu iwe imekaza vizuri, mara nyingi kufikia takriban nyutoni-sentimita 35 (kipimo cha nguvu ya kukaza), na kwa jino moja, taji lisigusane na jino la taya la pili linalokutana nalo.

"Skrubu ikitoka, mwili umeikataa."

Hapana. Titaniamu haikataliwi kama figo ya kupandikizwa. Tafuta sababu kwingine. Mfupa ukipata joto la nyuzi 47 za selsiasi kwa dakika moja, seli zake huanza kufa. Ndiyo maana tundu hupanuliwa hatua kwa hatua kwa keekee kali, huku maji ya chumvi yakimiminwa kuupoza mfupa. Sigara hupunguza damu inayofika kwenye kidonda. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kupona, na kusaga meno usingizini huielemea skrubu.

"Jino la kipandikizi halitoboki, kwa hiyo halina shida."

Halitoboki kweli, ila fizi na mfupa unaolizunguka huugua, na dhana hii ndiyo inayowagharimu watu wengi zaidi. Jino la asili limefungwa na nyuzi zilizojichimbia kwenye mzizi. Kwenye kipandikizi nyuzi hizo hupita kando tu, hivyo maambukizi hushuka haraka hadi mfupani, mara nyingi bila maumivu. Damu unapopiga mswaki, ladha mbaya au usaha ukiminya fizi: nenda kliniki, usingoje jino litikisike. Safisha pembeni kila siku kwa mswaki mdogo wa katikati ya meno. Taji likiwa limegandishwa kwa saruji ya meno, uliza kama mabaki yote yameondolewa chini ya fizi. Kipande kidogo tu kikibaki kinatosha kuanzisha uvimbe.

"Upasuaji wenyewe hauvumiliki."

Ganzi ya sindano hutosha kwa wengi. Uvimbe hufikia kilele siku ya 2 au ya 3, kisha hupungua. Lakini mdomo wa chini ukibaki na ganzi hadi kesho yake, piga simu mara moja: huenda mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini umebanwa, na kuchelewa kuiondoa skrubu hupunguza nafasi ya kupona. Kipimo cha siti skani, yaani picha ya eksirei inayoonyesha taya kwa tabaka, kabla ya upasuaji humwezesha daktari kuacha angalau milimita 2 juu ya mshipa huo.

"Wazee hawafai, vijana ndio wanaofaa."

Umri mkubwa si kizuizi. Kizuizi ni taya la kijana ambalo bado linakua: meno ya asili huendelea kusogea pamoja na mfupa, kipandikizi hubaki palepale, na baada ya miaka huonekana kimezama.

Kwa wazee, kinachopaswa kuulizwa ni dawa. Anayetumia dawa za kuimarisha mifupa kama alendroneti, na hasa anayechomwa sindano ya zoledroniki kwa ajili ya saratani, amwambie daktari kabla ya mpango wowote, kwa sababu mfupa wa taya unaweza kufa pale ulipotobolewa.