Paka anapoficha maumivu: maswali ya wafugaji wa Mwanza

Paka wangu halii wala hachechemei. Nitajuaje kama anaumwa?

Usisubiri alie. Paka ni mwindaji, lakini kwa udogo wake naye huwindwa, ndiyo maana huficha udhaifu. Tazama mazoea yaliyobadilika. Kila jioni alipanda mawe ya nyuma ya nyumba, sasa anayatazama tu. Alikuwa wa kwanza kufika dagaa wakipakuliwa, leo ananusa na kuondoka. Anajibanza uvunguni. Manyoya yameshikamana kwa kuwa hajilambi, au analamba sehemu moja hadi ngozi inabaki wazi. Na paka mpole akikuuma ulipomshika kiuno, shuku kiuno kwanza kabla ya kumwita mkali.

Uso nao husema. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal walichapisha kipimo cha maumivu kinachoangalia mambo matano: masikio yaliyogeukia pembeni, macho yaliyofumbwa nusu, mdomo uliokaza, masharubu yaliyonyooka, na kichwa kilichoshuka chini ya mabega. Mtazame akiwa macho na ametulia, si akiwa usingizini.

Mbona anakoroma nikimpapasa?

Paka hukoroma kwa raha, na hukoroma pia akiwa na maumivu makali. Usitegemee hilo peke yake.

Alipigana usiku, lakini sioni kidonda.

Meno ya paka ni membamba. Tundu hufunga upesi na vijidudu hubaki ndani. Baada ya siku chache hutunga usaha. Mpapase taratibu kichwani, miguuni na kwenye shina la mkia, ukitafuta uvimbe wenye joto.

Tunakaa karibu na mwalo wa Kirumba. Nimeona mshipi wa kuvulia samaki unatoka mdomoni mwake.

Usiuvute hata kidogo! Huenda mwisho wake una ndoana, na mshipi wenyewe unaweza kukata utumbo. Mpeleke hivyo hivyo kwa daktari wa mifugo.

Nimpe Panadol kidogo?

Hapana. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo. Damu yake hushindwa kubeba oksijeni, na kidonge kimoja tu kinaweza kumuua. Diklofenaki na ibuprofeni za binadamu pia ni sumu kwake. Ninasisitiza hili kwa sababu anayetoa kidonge hicho kwa kawaida ni mtu anayempenda paka wake.

Ni lini nisingoje kesho?

Dume akichuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo, njia imeziba. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Vivyo hivyo akihema mdomo wazi, fizi zikiwa nyeupe, au miguu ya nyuma ikilegea ghafla. Mfunike kwa kanga, mweke kwenye boksi lenye matundu, mwondoke. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa.