Mamajusi watatu, piramidi na matofali: dhana potofu katika kufundisha historia na hadithi za Biblia nyumbani

Mzazi anayeanza kusomesha watoto nyumbani hukimbilia vifaa kwanza: mtaala kamili, vitini, vitabu vya picha, video. Vifaa havina kosa. Kosa huja pale vinapoaminiwa kuliko maandiko yenyewe, na dhana nyingi zilizomo hapa chini zimeota kutokana na hilo.

DHANA: Kitabu cha hadithi chenye picha ni Biblia iliyofupishwa.

Mchoraji hawezi kuchora kimya. Pale maandiko yasiposema kitu, yeye lazima ajaze ukurasa, na alichojaza ndicho mtoto atakachokikumbuka akiwa mtu mzima. Mathayo 2 haitaji idadi ya mamajusi. Zilizo tatu ni zawadi, yaani dhahabu, uvumba na manemane. Tena mamajusi wanaingia nyumbani, si zizini, na Herode anaagiza wauawe watoto wa kiume wa miaka miwili kwenda chini, jambo linaloonyesha kwamba huenda muda ulikuwa umepita tangu kuzaliwa. Luka 2 ina hori na wachungaji, lakini punda hayumo, wala hayumo mwenye nyumba ya wageni anayewafungia watu mlango. Mwanzo 3 inasema tunda, haisemi tofaa. Na wanyama wa safina si wote walioingia wawili wawili: Mwanzo 7:2 inataka wanyama safi saba saba.

Mfano unaowashangaza hata watu wazima ni Danieli. Karibu kila picha inamwonyesha kijana mbele ya simba. Kwa mujibu wa kitabu chake, alipelekwa Babeli katika siku za Yehoyakimu, mfalme wa Yuda, takriban 605 KK. Tukio la tundu la simba linakuja baada ya Babeli kuanguka mwaka 539 KK. Hiyo ni miaka 66 na zaidi. Kama alichukuliwa akiwa na miaka 15, basi aliyetupwa tunduni ni mzee wa miaka 80 na ushee, na hadithi nzima inabadilika uzito.

Kabla ya kumsomea mtoto kitabu chochote cha picha, tenga dakika 10. Fungua sura yenyewe, gawa karatasi safu tatu: kilichoandikwa, kilichoongezwa, kilichoachwa. Punda aliyeongezwa hadhuru mtu. Mtoto wa miaka 9 anaweza kumwinda mwenyewe, na huo ni mchezo mzuri. Kinachodhuru zaidi ni safu ya tatu. Vitabu vingi vya Yona humalizia kwa furaha Ninawi ilipotubu, kana kwamba sura ya 4 haipo. Lakini humo ndimo Yona anamkasirikia Mungu kwa kuwasamehe watu wa mji ule, na kitabu kinaisha kwa swali lisilojibiwa. Ukikuta kitabu kimebadili mwisho au kimemwekea Mungu maneno ambayo hayamo, kiweke kando hata kama picha zake zinavutia.

DHANA: Historia ni somo moja, hadithi za Biblia ni somo jingine.

Mtoto aliyefundishwa hivyo huweka Musa katika dunia ya "hapo zamani za kale" na Misri katika dunia ya kitabu cha historia, asijue kwamba ni nchi ile ile. Dawa yake ni mstari wa wakati, na wa kutengeneza mwenyewe hushinda wa kununua kwa sababu mtoto anaupima kwa rula.

Kipimo kinachofaa ni sentimita 1 kwa miaka 10. Chukua karatasi 20 za A4, zilaze. Kila moja ina upana wa sentimita 29.7, weka alama ya sentimita 25, acha sentimita 1.5 za kupakia gundi, kata zilizobaki. Kila karatasi inabeba miaka 250. Karatasi 12 zinatosha kuanzia 3000 KK hadi mpaka wa KK na BK, nane zinakufikisha mwaka 2000, kisha bandika kipande kidogo kwa miaka iliyofuata. Mstari wote una mita 5. Asiye na ukuta wa kutosha aukunje kwenye maungio, ufunguke kama kinanda cha mkono.

Kosa la kawaida ni kuunganisha kwa kukadiria kwa macho. Ukikosea milimita 2 kila ungio, mwishoni umepoteza karibu sentimita 4, yaani miaka 40 hivi. Weka alama za sentimita 25 kwanza, gundi baadaye. Chora mstari chini kidogo ya katikati ya karatasi: juu yake matukio ya Biblia, chini yake ya dunia nyingine. Hammurabi, mfalme wa Babeli, karibu 1750 KK, anakaa chini. Anguko la Samaria, 722 KK, linakaa juu. Alexander Mkuu anakufa 323 KK. Hekalu la Yerusalemu linachomwa na Warumi mwaka 70 BK, sentimita 7 tu kulia kwa mpaka. Upande wa kulia usiuache mtupu: Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325, Biblia iliyopigwa chapa na Gutenberg karibu 1455, magombo ya Bahari ya Chumvi yaliyoanza kupatikana Qumran karibu 1947.

Jambo dogo la hesabu: hakuna mwaka sifuri. Kutoka 605 KK hadi 70 BK ni miaka 674, si 675. Kwenye mstari kosa hilo ni milimita moja isiyoonekana, ila kwenye daftari litaonekana. Na kalenda yenyewe, iliyopangwa na mtawa Dionysius Exiguus mwaka 525, ilikosea kidogo. Wanahistoria wengi huweka kifo cha Herode mwaka 4 KK, kwa hiyo Yesu alizaliwa miaka michache "kabla ya Kristo". Watoto hucheka wakisikia hivyo, na hawasahau.

DHANA: Waisraeli ndio waliojenga piramidi.

Hapa mstari unajibu wenyewe. Piramidi kuu ya Giza, karibu 2560 KK, iko sentimita 256 kushoto kwa mpaka. Tarehe ya mapema inayopendekezwa kwa Waisraeli kutoka Misri, ile inayotokana na miaka 480 ya 1 Wafalme 6:1, ni karibu 1446 KK. Wengine huiweka karne ya 13 KK. Ukichukua hii au ile, piramidi ilikuwa na zaidi ya miaka elfu moja tayari. Tena piramidi za Giza ni za mawe. Kutoka 1 inataja miji ya kuwekea akiba, Pithomu na Ramesesi, na kazi ya matofali.

Matofali hayo yana dhana yake ndogo pembeni: kwamba Farao aliamuru yafyatuliwe bila majani. Kutoka 5 haisemi hivyo. Alikataa kuwaletea majani, wakalazimika kuyatafuta wenyewe, na hesabu ya matofali ya kila siku haikupunguzwa.

Lifanyeni kwa mikono. Vikombe 3 vya udongo wa mfinyanzi uliochekechwa, maji kidogo kidogo hadi udongo ushikamane bila kunata viganjani. Gawa nusu kwa nusu. Nusu moja changanya na konzi la majani makavu yaliyokatwa sentimita 2 au 3. Shindilia kwenye kopo la mstatili, toa, kausha kivulini siku 2, kisha juani siku 3 au 4. Udongo husinyaa maji yanapotoka. Tofali tupu mara nyingi hupasuka, lenye majani hushikiliwa na nyuzi. Ukizidisha maji, yote mawili yatalegea na kutandaa. Ukitumia udongo wa kichanga, hakuna litakalopasuka, yatamomonyoka tu, na jaribio halitaonyesha kitu.

DHANA: Ukisoma kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, umefuata mtiririko wa historia.

Vitabu vya Biblia vimepangwa zaidi kwa aina: sheria, historia, mashairi, manabii. Ezra anatangulia Isaya kwenye jedwali la yaliyomo, ilhali Isaya ni wa karne ya 8 KK na Ezra anasimulia watu waliorudi kutoka Babeli karne ya 6 na ya 5. Kwa kipindi cha uhamisho, fuateni njia hii: Danieli 1, 2 Wafalme 24 na 25, Ezekieli 1, Danieli 5 na 6, Ezra 1 hadi 4, Hagai 1, Ezra 5 na 6, Esta, Ezra 7, Nehemia 1 na 2. Hagai na Ezra 5 wakisomwa siku moja, mtoto anaona nabii na wajenzi wa hekalu wako kwenye kiwanja kimoja.

Ramani nayo iende pamoja na njia hiyo. Ezra 7:9 inasema safari ya kutoka Babeli hadi Yerusalemu ilichukua miezi minne. Mtoto akichora mstari ulionyooka, amewapitisha jangwani. Mwambie aufuate Frati kuelekea kaskazini-magharibi, kisha ateremke kusini. Ndivyo inavyokwenda pia safari ya Abramu kutoka Uru kupitia Harani. Ramani tupu, yenye mito na bahari pekee, inafundisha zaidi kuliko ile yenye rangi iliyo mwishoni mwa Biblia.

DHANA: Wachimbuaji wamethibitisha kila kitu. Au, wamekanusha kila kitu.

Hizi ni dhana mbili zinazogombana, na zote zina mashabiki wenye sauti kubwa. Mfundishe mtoto kutenganisha maswali: maandiko yanasema nini, kitu kilichochimbuliwa kinasema nini, na wataalamu wanakisia nini.

Somo zuri kuliko yote ni mwaka 701 KK. Senakeribu wa Ashuru anaivamia Yuda. 2 Wafalme 18:14 inasema alimtoza Hezekia talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu. Kumbukumbu ya Senakeribu mwenyewe, iliyoandikwa kwenye mche wa udongo, yaani nguzo fupi yenye pande sita, uliopo British Museum, London, inataja talanta 30 za dhahabu pia, lakini fedha inasema 800. Anajisifu kuwa alimfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege tunduni. Hasemi kwamba aliuteka mji. Weka maelezo hayo mawili sambamba, umwache mtoto wa miaka 11 au 12 aorodheshe yanayolingana, yasiyolingana, na yale ambayo kila upande una sababu ya kuyanyamazia. Huo ndio uanahistoria, na unatosha saa nzima.

Kwa wadogo, tumia jiwe la Farao Merneptah, la karibu 1208 KK, lililofukuliwa mwaka 1896: linataja Israeli, likiwa na alama inayotumika kwa watu, si kwa nchi. Linathibitisha kwamba watu wa jina hilo walikuwepo Kanaani wakati huo. Zaidi ya hapo halisemi, nasi tusilisemee. Kwenye mstari, tarehe zenye uhakika ziandikwe kwa wino, zinazobishaniwa kwa penseli.

DHANA: Mtoto akijaza kitini chote, ameelewa.

"Daudi aliokota mawe ____." Mtoto anaandika tano na kupata alama, hata kama hajui kwamba lililotumika ni moja. Nafasi za kujaza hupima jicho linalotafuta neno. Badala yake, soma mara moja tu, mistari 8 hadi 15 kwa wa miaka 6 hadi 8, funga kitabu, na umwombe akusimulie. Usimkatize hata akikosea; ukimrekebisha katikati, kesho atasema "sijui" ili awe salama. Akimaliza, rudini kwenye mstari mliotofautiana, asome mwenyewe. Kazi ya kupaka rangi isizidi dakika 15, la sivyo atakachobaki nacho ni ngamia.

DHANA: Kila mtoto ahitaji mtaala wake.

Kwa historia na Biblia, sura moja inawatosha wote. Wa miaka 5 anachora, wa 8 anasimulia, wa 12 analinganisha tafsiri mbili, kwa mfano Union Version na Habari Njema, na kuandika aya moja kuhusu tofauti aliyoiona. Sura zenye ukatili kama Waamuzi 19 zimngojee huyo mkubwa. Kuruka sura kwa mdogo ni sawa. Kuibadilisha si sawa, kwa sababu atakapoisoma mwenyewe atajua.

DHANA: Kilicho bure mtandaoni ni halali kunakili.

Bure kusoma si ruhusa ya kuchapisha. Tazama mwisho wa ukurasa kama pana leseni inayosema nani anaruhusiwa kunakili na kwa matumizi gani. Nyingi huruhusu familia moja, si kikundi cha familia kumi. Picha za makumbusho zina masharti yake, na tafsiri za Biblia za karne iliyopita kwa kawaida bado zina mwenye hakimiliki. Hifadhi leseni pamoja na faili siku ile ile unapoipakua, maana kurasa hubadilika na baadaye huenda usiipate tena.