Kabla hujanunua gari la stima Nairobi, niambie litalala wapi

Napigiwa simu sana na watu walioona Nissan Leaf kwenye yadi. Bei imewapendeza, rangi imewapendeza, wanataka tu niwaambie kama ni gari zuri. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, haibridi na ya stima ndiyo kazi yangu, na swali langu la kwanza huwa moja: usiku litalala wapi?

Mwenye nyumba yake Syokimau, mita yake na ukuta wa kufungia soketi, huyo tunaendelea kuongea. Anayekaa ghorofa ya nne Ruaka, ambako nafasi ya kuegesha ni ya aliyewahi na stima ya huko chini iko kwa mita ya landilodi, namwambia bila kumzungusha: bado. Nimeona waya ulioshushwa kutoka dirisha la jikoni hadi kwenye gari, ukipita katikati ya kamba za nguo. Keyateka aliuchomoa, na haki ilikuwa yake. Chaja za maduka makubwa zipo, lakini ukizitegemea hizo pekee, gari ndilo litakalokupangia ratiba. Tena plagi za chaji ya haraka hazifanani: Leaf zinazotoka Japani hutumia aina iitwayo CHAdeMO, ilhali magari mapya mengi yanakuja na CCS2 au GB/T ya China, na anayefunga chaja mpya hutazama wengi wana nini.

Sasa soketi, maana hapa ndipo nyumba zinaweza kuungua. Waya wa chaji unaokuja na Leaf kutoka Japani umetengenezewa volti 200, huvuta takriban ampea 15, na plagi yake haiingii kwenye soketi zetu. Fundi wa mtaani anaikata, anafunga plagi ya kawaida ya pini tatu, gari linachaji, kila mtu anafurahi. Plagi hiyo ni ya ampea 13. Pasi huivuta kidogo ikapumzika. Gari huivuta masaa manane mfululizo, usiku, mkiwa mmelala. Nina kopo la plagi zilizoletwa kwangu: pini imegeuka kahawia, plastiki inayoizunguka imeyeyuka kama nta ikashikana na fyuzi. Dawa yake haina ujanja: waya mnene wa shaba kutoka kwenye bodi ya stima moja kwa moja, swichi kinga yake pekee, RCD (swichi inayokata stima ikivuja), athi iliyopimwa, na ile soketi ya buluu ya viwandani. Gharama hiyo ihesabu pamoja na bei ya gari, siku ileile.

Ukishapita hapo, pesa inaanza kurudi. Leaf ya betri ya kilowati-saa 40 hutumia kama yuniti 16 kwa kilomita 100 (yuniti moja ni kilowati-saa moja). Ongeza zinazopotea wakati wa kuchaji, mita itasoma 18 hivi. Kwa anayepita yuniti 100 nyumbani kwa mwezi, tuseme yuniti moja na tozo zake ni shilingi 30. Hapo ni 540. Gari la petroli la sisi 1500, likitoa kilomita 12 kwa lita kwenye foleni zetu, litakunywa lita nane na ushei. Hata ukipiga kwa shilingi 180 kwa lita, ni kama 1,500. Na Oktoba 2023 EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta na stima, ilitangaza 217 kwa lita Nairobi, hatujasahau. Mwaka huohuo EPRA ilileta bei maalum ya stima ya kuchajia magari: shilingi 16 kwa yuniti, na 8 kwa saa za usiku, kabla ya tozo na kodi. Inataka mita yake tofauti. Mwenye gari moja naona hana haja ya kujisumbua. Mwenye teksi tatu nne anafaa kujisumbua.

Foleni yenyewe inalipendelea gari hili. Injini iliyokwama Mombasa Road inaunguza mafuta bila kusogea, lakini mota ikisimama imesimama. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza nguvu. Mota haivuti hewa, kwa hiyo haijui kama iko Kilindini pwani au Limuru juu milimani.

Safari ndefu ni hadithi nyingine. Kwenda Mombasa, karibu kilomita 480, ni nafuu kuliko kurudi. Gari na abiria wake wakiwa kilo 1,750, kuwapandisha tu hizo mita 1,700 kunataka kama yuniti 8, kabla hujahesabu upepo na msuguano wa matairi. Hiyo ni sehemu ya tano ya betri ya 40 ikiwa mpya, na unayoiona yadi si mpya. Tena betri ya Leaf haina mfumo wa kupoza kwa maji: ukiichaji kwa haraka mara mbili tatu kwenye joto la Mtito Andei huko njiani, gari lenyewe hupunguza kasi ya kuchaji. Mwenye safari za Pwani kila mwezi, nunua dizeli.

Mengine nayataja haraka. Hakuna oili ya injini wala plagi za kuchoma mafuta, na brekpadi hudumu kwa sababu mota ndiyo hupunguza mwendo mara nyingi. Matairi huisha mapema kwa uzito. Gari likikataa kabisa kuwaka asubuhi, pima kwanza ile betri ndogo ya volti 12, kwa maana gari la stima nalo linayo, na ikifa hata milango inaweza kukutatiza. Stima kupotea si balaa kama watu wanavyodhani: gari lililojaa lina siku mbili tatu za mjini, na tarehe 25 Agosti 2023, nchi ilipoingia gizani, pampu za petroli nazo zilihitaji stima.

Linalobaki ni betri, na hapo sina haraka.

Dashibodi ya Leaf ina mistari 12 midogo upande wa kulia inayoonyesha afya ya betri, si chaji. Muuzaji atakuonyesha yote 12 kwa fahari. Mstari wa kwanza haupotei mpaka betri ipoteze kama asilimia 15 ya uwezo wake, kwa hiyo mistari 12 inaweza kuwa asilimia 99 au 86. Kuna na wahuni wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili mistari yote irudi. Ukiendesha na kuchaji kwa muda, kompyuta inajifunza upya na mistari inaanza kuanguka mmoja mmoja, wakati huo logibuku ina jina lako.

Mimi huchomeka kisomaji kwenye tundu la OBD, lile la kupimia kompyuta ya gari, chini ya usukani na kufungua programu ya LeafSpy kwenye simu. SOH ni asilimia ya uwezo uliobaki, nayo huiandika. Lakini ninapokaa zaidi ni kwenye ukurasa wa seli, vile vipande vinavyounda betri, vikionyeshwa kama nguzo 96 zilizopangwa. Gari likiwa limejaa na limesimama, zote hulingana, hata kwenye betri mbovu. Nalishusha chaji hadi chini ya robo, nalipeleka mlimani, nakanyaga. Hapo seli dhaifu inazama ghafla chini ya wenzake. Moja tu inatosha kukuharibia, kwa sababu kompyuta hukata nguvu ya gari zima kumlinda huyo mmoja.

Dhamana ya Japani haikufuati huku. Baridi yetu ya Julai, angalau, iko upande wako: wenye Leaf za mwanzo kule Arizona walipoteza mistari mapema kwa joto, na betri iliyoishi Nairobi haijapitia hayo.

Kwa hiyo ukipanga kwenda kuliona gari, piga simu siku moja kabla uombe wasilichaji. Muuzaji akikwambia kulishusha chaji kutaliharibu, mshukuru uondoke.