Mali haijaisha, mtoto ameshazaliwa

Hapa Lubumbashi, kijana na binti wakikaa pamoja kabla mali (yaani mahari) haijatolewa, watu husema ni "yaka tofanda" (Kilingala: "njoo tukae"), na lawama zote huangukia malezi. Sisi wanasheria tunaopokea kesi za familia tunaona zaidi hesabu. Orodha ya wakwe ina suti ya baba, vitenge vya mama, mbuzi, na bahasha ya dola. Mwendesha pikipiki ataimaliza lini? Mimba nayo haingoji.

Zamani kazi ndiyo iliyobeba ndoa za mji huu. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ya migodi ya Union Minière ilitaka wafanyakazi wake wakae kambini na wake zao; nyumba, posho na matibabu vikaifuata familia. Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua migodi hiyo, ikarithi mtindo huo. Kisha, kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 waliondoka kazini "kwa hiari" (hiari hiyo wenyewe wanaieleza vingine). Kina baba wengi wakabaki nyumbani, kina mama wakalisha watoto kwa kuuza unga na makaa. Mwana aliyekulia humo anamwomba nani amchangie mali?

Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inadai mali, lakini inatosha sehemu yake iwe imetolewa. Ndoa iliyofungwa katika familia huandikishwa komini (ofisi ya serikali ya mtaa) ndani ya mwezi mmoja. Ile ya kanisa peke yake, hata iwe na fanfari, serikali haiitambui.

Uzito wa karatasi ya ndoa kutoka komini huonekana matanga yakiisha. Katuba, Ruashi, popote, mashemeji huja kuuliza hati ya kiwanja. Mama amejenga na marehemu tofali kwa tofali, amezaa naye, lakini kisheria si mke, hamrithi. Watoto wake wanarithi sawa na waliozaliwa ndani ya ndoa, ila baba awe aliwakubali rasmi angali hai. Kwa hiyo mtoto akizaliwa, aandikishwe ndani ya siku 90, na baba aende mwenyewe kumkubali. Asimtume mdogo wake.

Nanyi wazazi wa binti, pokeeni mbuzi mmoja na pesa zilizopo, salio mliandike kwenye daftari la familia. Kama wote wawili wametimiza miaka 18, watumeni komini mwezi huohuo, kila mmoja na shahidi wake.