Ukocha wa walimu kwenye elimu jumuishi ni nini hasa?

Hapa Bongo ukisema kocha watu wanawaza Simba na Yanga, kwahiyo mwalimu akiambiwa kesho kuna kocha anakuja kukaa darasani kwako swali la kwanza ni lile lile, huyo ndo mthibiti ubora? Siyo. Mthibiti ubora anaangalia shule nzima kama inafuata viwango na akimaliza anaandika ripoti. Kocha anakuja kwa mwalimu mmoja kwa ajili ya jambo moja walilokubaliana kabla, anakaa nyuma anaangalia, kipindi kikiisha wanaongea, halafu baada ya wiki mbili hivi anarudi kuona limefikia wapi. Hakuna maksi. Karatasi anayoandikia kocha inabaki kwa mwalimu, haiendi ofisini kwa mwalimu mkuu, na hili nalishikilia sana maana ikienda ofisini hata mara moja tu ukocha umekufa, mwalimu ataanza kukuandalia kipindi cha maonyesho, wale wanaojua wanapangwa mbele na zana mpya zinabandikwa ukutani asubuhi hiyo hiyo.

Sasa hilo jambo moja likiwa linamhusu mtoto anayeachwa nyuma, ndo tunasema ukocha wa elimu jumuishi.

Na hapa wengi wanachanganya. Azimio la Salamanca, tamko la kimataifa la elimu la mwaka 1994, lilisema shule za kawaida zipokee watoto wote, na sisi tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, kwahiyo suala la kumwandikisha mtoto angalau linaeleweka. Ila kuandikishwa siyo kujumuishwa. Mtoto anaweza kukaa darasani miaka yote na hajawahi kufundishwa hata siku moja. Na siyo mwenye ulemavu peke yake, kuna yule aliyekuja shule anajua Kisukuma tu, kuna anayesikia kwa sikio moja na hakuna aliyegundua, kuna msichana mpole ambaye mwalimu hata jina lake halimjii haraka.

Niliwahi kukaa kwenye darasa la tatu, somo la hesabu, watoto mia na kitu. Pembeni ya dirisha kulikuwa na mtoto mwenye ualbino, jua la saa nne linampiga usoni, na kila madam akiandika ubaoni yeye anageukia daftari la mwenzake. Madam akamfokea, wewe acha kuangalizia! Mtoto akafunga daftari akainama. Mimi nilikuwa nimechora madawati yote kwenye karatasi, kila mtoto akiulizwa swali naweka alama. Baada ya kipindi tukakaa nje kwenye mwembe nikampa ile karatasi bila kusema kitu. Alama karibu zote zilikuwa madawati ya mbele. Akaiangalia weeee, afu akasema, huku dirishani sijafika kabisa. Nikamuuliza, yule kijana alikuwa anatafuta nini kwenye daftari la mwenzake? Akanyamaza. Halafu, kocha, hivi yule ubao anauona?

Hauoni vizuri, ndio. Ualbino siyo ngozi tu, macho pia yana uoni hafifu na mwanga mkali unayaumiza, na miwani haimalizi tatizo lote. Ningeweza kumwambia hivyo tangu mwanzo ila angesema sawa mwalimu na ingeishia pale pale, kwa sababu nimeona mimi siyo yeye. Kumhamisha mtoto mbele, mbali na dirisha, kulifanyika siku hiyo hiyo na hakukuhitaji bajeti. Jambo la kufanyia mazoezi tulichagua moja, kusoma kwa sauti kila anachoandika ubaoni. Niliporudi alikuwa anasahau mara mojamoja, lakini hata wale wa dawati la mwisho kabisa walikuwa wanaandika bila kunyanyuka kuja kuchungulia ubao.

Mazoezi mengine ni madogo hivyo hivyo. Kutulia baada ya swali kwa mfano. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu kwa kawaida wanasubiri kama sekunde 1 tu, na wakifika sekunde 3 watoto ambao huwa kimya nao wanaanza kujibu. Sekunde 3 ukiwa mbele ya darasa linalopiga kelele mwalimu mimi, mwalimu mimi, ni ndefu sana, jaribu.

Semina peke yake haitoshi. Joyce na Showers, watafiti wa mafunzo ya walimu, walilisema hili tangu miaka ya 1980, mwalimu anaweza kuielewa semina vizuri na bado asiitumie, mpaka apate mtu wa kumfuata darasani. Na huyo mtu siyo lazima atoke wilayani. Kwenye MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, walimu wa shule moja tayari wanakaa kwenye jumuiya zao za kujifunza, kwahiyo mwenzako wa darasa la jirani anaweza kuwa kocha wako. Kinachotakiwa ni zile dakika 40 za kipindi, yaani kuwe na mtu wa kushika darasa lake wakati yeye yuko kwako. Shule yenye walimu wanne hapo ndo pagumu kuliko pote, na hapo inabidi mwalimu mkuu mwenyewe ashike chaki.